Kichupa cha Rangi ya Chai

9 Februari

Kwako Kibiriti wangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia hapo ulipo hata kabla ya kufungua bahasha, kwa hiyo nakujibu kabisa tusipoteze karatasi. Sisi huku wazima. Cherehani inakula uzi kama kawaida yake na sare za shule nimezimaliza, zimebaki mbili za wale mapacha ambao mama yao kila wiki anasema wamerefuka. Dada yako kajifungua mtoto wa kike. Ana paji la uso kama lako, maskini, lakini tunamwombea. Fundi viatu, jirani yangu wa baraza moja, anakusalimu, na anauliza kama huko viatu vinatengenezwa au vinatupwa. Nilimwambia vinatupwa, akanuna siku nzima.

Duka la mkabala limefungwa. Mwenyewe kahamia kwa wanawe, kwa hiyo ile namba ya simu uliyokuwa ukipiga usiipige tena, itakuwa inalia kwenye chumba kitupu. Tumebaki na barua. Mimi sijali, simu ikikatwa imekwisha, barua naisoma hata mara kumi.

Sasa neno lenyewe, na usishtuke. Kifua kilikuwa kinanibana kila nikibeba jora la kitambaa. Nikasema ni gesi. Nikaacha maharage, kikabana vile vile. Fundi viatu akanishika mkono kama mtoto aliyetoroka shule mpaka hospitali, nikakuta daktari binti mdogo, umri wa dada yako, lakini anajua kusikiliza. Anasema mishipa inayoulisha moyo imekuwa myembamba, damu inapita kwa kusukumana kama watu mlangoni.

Kanipa dawa mbili. Moja ya kumeza, asubuhi na mchana, usiku hapana. Nilimuuliza mbona usiku hapana, kwani moyo unalala? Akasema mwili ukipewa dawa hii saa zote unaizoea, unaacha kuisikia. Lazima uikose kidogo kila siku ili ikirudi ifanye kazi. Nilifikiri hapo hapo juu yako na mimi. Ila daktari hakusema pengo likizidi inakuwaje.

Dawa ya pili ni vidonge vidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga. Havimezwi. Kifua kikibana nakaa kwanza, maana dawa inashusha presha na naweza kuanguka, kisha naweka kimoja chini ya ulimi. Kinachoma ulimi kidogo, kichwa kinagonga, halafu kifua kinaachia. Anasema ndiyo kazi yake, inaipanua mishipa ili moyo upate kupumua. Na ya kichwani inapanuka pia, ingawa haikuulizwa, ndiyo maana kinauma.

Halafu akataka kunichekesha. Anasema dawa hii na baruti ya kupasulia mawe ni kitu kimoja, tofauti ni kipimo na matayarisho. Basi shangazi yako anatembea na baruti, na wewe ni Kibiriti, tusikaribiane bila maji ya ndoo. Lakini mimi sikucheka, na daktari akaniuliza kulikoni. Nikamwambia marehemu mume wangu alikuwa kwenye stoo ya baruti pale machimbo ya mawe, anazishika kwa mikono yake, na kila Jumatatu jioni anarudi kichwa kinapasuka. Jumanne nafuu. Jumatano mzima. Daktari akaacha kuandika. Akasema walikuwa hivyo wengi, wiki nzima mwili unaizoea, siku ya mapumziko unaisahau, Jumatatu inaingia upya.

Na mimi miaka yote nilimwambia ni pombe ya Jumapili. Akiniapia hajagusa, nampa maji ya ndimu na maneno. Siku ile nilirudi nyumbani nikakaa upande wake wa kitanda. Nilimkumbuka sana, Kibiriti. Nilitamani awepo aumwe kichwa nimwamini.

Nimeandika mengi na mkono umechoka. Neno la mwisho. Vile vidonge vimekuja kwenye kichupa cha kioo, rangi ya chai iliyokolea, na unajua tabia uliyonifundisha, chupa yoyote naigeuza nione chini. Fundi viatu ananionea aibu tukienda kwa watu. Nimekigeuza. Kina pembetatu yenye mkia, alama ya kiwanda chenu. Ni chenu. Ni chako.

Utakuja lini? Tanuru lenu wanalizima lini?

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi,

Shikamoo, ingawa umenijibu mapema. Namshukuru Mungu kwa mtoto, na huyo atakuwa na akili, paji hilo halikosei. Mwambie fundi viatu vya huku havitupwi, vinakufa vyenyewe.

Barua yako niliisomea kitandani, halafu nikaisomea nje penye upepo, maana chumba chetu kina vitanda vinne na dirisha linatazama uwanja wa kupakilia. Sikupenda wenzangu waone uso wangu. Kifua kinabana tangu lini? Mara ngapi kwa wiki? Nakujua wewe. Mwaka ule ulipochomwa na sindano mpaka kwenye mfupa ulisema ni mkwaruzo. Niandikie kweli.

Kuhusu kichupa, nimefanya ujinga nitakuambia. Kazi yangu ni ile ile, nakaa mbele ya taa nyeupe, chupa zinapita kwenye mkanda, natoa zenye ufa mwembamba kama unywele na zenye mapovu. Vile vidogo vya rangi ya chai nilikuwa nadhani ni vya dawa ya kikohozi. Tangu barua yako nimekuwa navitazama kimoja kimoja mpaka msimamizi akaniuliza kama nina usingizi. Nilimjibu ninao. Sikuweza kumwambia kwamba kimoja kati ya hivi kitalala karibu na kichwa cha mtu wangu.

Usiku nikianza kusinzia nasikia cherehani yako. Nafumbua macho, ni mkanda wa zamu ya usiku.

Tanuru linasemwa litazimwa mwezi wa sita. Unajua lenyewe halizimwi ovyo, likipoa kioo kinaganda ndani na matofali yanapasuka. Lakini matofali yameliwa, lazima wajenge upya, na siku hiyo sisi wa mbali tunapewa likizo ndefu. Hapo nitakuja, nibebe majora yako mpaka mgongo ulie. Mpaka wakati huo yabebwe na fundi viatu, ana mikono mizuri na haina kazi.

Kichupa kiweke karibu.

Mwanao, Kibiriti


20 Machi

Kibiriti wangu,

Marahaba tena. Mtoto kapewa jina la bibi yake na analia kwa sauti ya bibi yake, nyumba nzima tunasimama. Dada yako kanenepa, kapendeza. Fundi viatu nilimsomea ujumbe wako kuhusu mikono yake. Tangu siku hiyo hajabeba kitu, anasema amekasirika, lakini mimi naona amepata kisingizio.

Umeuliza maswali mengi kama karani. Mimi sijambo.

Nakutumia kifurushi. Kuna shati, nimekata kwa kipimo chako cha zamani nikaongeza vidole viwili mabegani, maana mwanaume anakua hata akiwa mbali. Ukikuta linabana, usiniambie. Ndani upande wa kushoto, chini ya mfuko, nimeweka kijimfuko kingine kidogo ambacho mtu haoni. Weka unachotaka.

Wazo hilo nimelitoa kwenye dawa. Nilikuwa nahangaika na kichupa. Nakiacha jikoni, mimi niko barazani. Nikikitia kwenye mfuko wa aproni kinagongana na mkasi na funguo, nasikia kinakwaruzika, na roho inaniuma. Kitu kilichopita mkononi mwako nikigongeshe na funguo? Basi nikakaa nikafikiri kama fundi. Nimechukua vidonge vyote nikavigawa. Kila gauni langu sasa lina kijimfuko ndani ya pindo la mkono, cha pamba laini, na ndani vidonge viwili. Aproni ina chake. Hata kanzu ya kulalia ina chake. Kifua kikibana sina haja ya kutafuta wala kuita mtu, navuta uzi mmoja tu. Nimejipongeza. Daktari angeniona angeniajiri.

Na kichupa nimekiosha, nimekiweka kwenye dirisha pembeni ya cherehani. Sikutia kitu ndani. Nilitaka kutia pini, nikaona hapana. Jua la asubuhi likipita kinaweka doa la rangi ya chai juu ya meza, na doa linatembea. Saa za mchana linafika mkononi mwangu. Nasimamisha cherehani kidogo. Wateja wakiuliza nasema nimechoka.

Usinicheke. Mume wangu aliniachia saa isiyotembea na kofia. Wewe umeniachia barua na kipimo cha shati. Hiki ni kitu cha kwanza kuja kutoka huko ulipo ambacho naweza kukishika.

Mwezi wa sita si mbali. Nimeanza kuondoa vitambaa kwenye kitanda chako.

Shangazi


22 Aprili

Kibiriti,

Salamu. Hujajibu, na mimi sina subira, naandika juu ya barua nyingine kama mtu anayemwaga chai kwenye kikombe kilichojaa. Labda kifurushi kimekwama. Labda shati limekubana na umeona haya.

Mtoto ameanza kucheka. Mvua imekuja kwa pupa, baraza linavuja upande wa fundi viatu, kwa hiyo amehamishia misumari yake upande wangu na kila siku tunagombania mpaka. Sare za muhula mpya zimeanza kuja.

Nikupe habari njema. Naona mwili unapona. Zamani nikiweka kidonge chini ya ulimi kinachoma, na kichwa kinagonga mpaka nafunga macho. Siku hizi hakichomi, kichwa hakiumi hata kidogo. Kimekuwa kitamu kama peremende. Kifua chenyewe kinachelewa kidogo kuachia, lakini naweka cha pili na nakaa muda mrefu zaidi, mwisho kinachoka chenyewe. Nimeona hata kwenda kliniki mwezi huu sina haja, foleni ni ndefu na dawa za kumeza bado ninazo.

Fundi viatu ananitazama sana. Juzi alinifungia cherehani mapema bila kuniuliza. Si kitu, alikuwa na njaa tu.

Doa la kichupa limehama na jua, sasa linapita upande wa mkasi, halinifikii. Nimesogeza kiti.

Niandikie hata mstari mmoja.

Shangazi


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Leo siulizi habari za mtoto wala za baraza, nisamehe.

Kifurushi na barua zako zote mbili nimezipata siku moja. Walinihamishia upande wa tanuru kwa wiki kadhaa, kule tunalala kwenye mabweni mengine, na vitu vyangu vilikuwa vimekaa chumba cha mlinzi. Nimevisoma kwa mpangilio, ya Machi kwanza. Nilicheka kwenye habari ya vijimfuko. Nilivaa shati, limenikaa sawasawa, nikafungua ya Aprili nikiwa nimelivaa. Nikasimama.

Shangazi, hujapona. Vidonge vimekufa.

Sikiliza ninavyokuambia, maana hili ndilo jambo moja ninalolijua. Tunavipika vile vichupa kwa rangi ile kwa sababu dawa iliyomo haitaki mwanga. Tunakagua mdomo wake kwa kipimo cha chuma kifuniko kibane, kwa sababu haitaki hewa. Vile nilivyokuwa navitoa kwenye mkanda vilikuwa na kosa dogo la mdomo ambalo wewe usingeliona, na vinavunjwa vyote. Nilikuwa naona ni usumbufu. Nimekimbia na nguo za kazi mpaka zahanati ya kiwanda, nikamweleza muuguzi habari ya pamba na pindo. Akasema dawa hii haikai mahali, inatoka kwenye kidonge yenyewe kama harufu inavyotoka kwenye sabuni. Ukiiweka kwenye kitambaa, kitambaa kinaipokea. Joto la mwili linaisukuma. Ukifua, imekwenda na maji. Kinachobaki ni chaki na sukari. Ndiyo maana kimekuwa kitamu. Ndiyo maana kichwa hakiumi.

Tafadhali. Leo hii hii, ukimaliza kusoma, mwite fundi viatu. Nendeni hospitali mkachukue vidonge vipya, ndani ya kichupa chake, na vikae humo humo, na kile kipamba kinachokaa juu ya vidonge ukitupe. Kichupa kifungwe kila mara. Hata hicho kikishafunguliwa hakikai milele, uliza mwisho wake ni lini. Kifua kikibana, kaa, weka kimoja. Dakika chache zikipita bila kuachia ni hospitali, si kiti. Na yale mapindo yafumue yote, usibakize hata la kanzu ya kulalia, usije ukaliamini usiku.

Nimepiga ile namba ya dukani. Najua uliniambia nisipige. Nimepiga kutwa, na inalia.

Na kile kichupa cha dirishani. Shangazi, mimi simo mle. Kimepita mbele yangu kwa muda wa kupepesa jicho. Kama kungekuwa na namna ya mimi kuingia mle nikakufikia, ningeshaingia zamani. Usikiweke hai kwa gharama ya kifua chako.

Nijibu upesi. Mengine nitaandika nikipata utulivu.

Kibiriti


29 Mei

Kwa Bwana Kibiriti,

Anayeandika ni mimi fundi viatu, lakini maneno ni ya shangazi yako, yupo kitandani wodini ananiangalia ninavyoandika na anasema mwandiko wangu umelala chali. Yangu nitayatia kwenye mabano. Anataka uanze kujua kwamba yuko hai, anakula, na mtoto wa dada yako ana meno mawili.

Anasema hivi. Marahaba mwanangu. Barua yako ilifika nikiwa tayari nimelala hapa. Fundi viatu alinisomea mbele ya wagonjwa wote, sasa wodi nzima inajua nilikula chaki. (Nilisoma kwa sauti ya chini. Yeye ndiye aliyesema rudia hapo.)

Ilikuwa asubuhi. Nilibeba jora. (Jora lilikuwa la sare za darasa zima. Nilikuwa nimekwenda kununua gundi.) Kifua kikanishika, safari hii na mkono na taya. Nikakaa kama nilivyofundishwa. Nikang'ata uzi wa pindo, nikaweka kimoja, nikasubiri kichome. Kimya. Nikaweka cha pili. Nikafumua mkono mwingine nikaweka vile viwili. Nilikuwa na dawa mikono yote miwili, Kibiriti, na hakuna iliyonisikia. (Nilimkuta amekaa sakafuni, mdomo mweupe kwa unga, amekikumbatia kile kichupa cha dirishani. Alisema usinisimamishe, nitakivunja. Nilimpakia kwenye mkokoteni wa muuza maji. Haya amesema nisiandike, nimeandika.)

Hapa muuguzi akaniwekea kipya chini ya ulimi. Kikachoma. Kichwa kikagonga kama nyundo ya machimbo. Nililia, wakafikiri ni maumivu. Ilikuwa ni furaha ya kichwa kuuma. Nilimkumbuka mume wangu na Jumatatu zake zote.

Daktari yule binti amenieleza bila kunificha. Sehemu ya moyo imeumia na haitarudi. Majora basi. Ngazi polepole. Cherehani ya miguu hapana, labda ya mkono, na si kutwa. Nikitunza dawa nina siku mbele yangu, hakusema ngapi, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilijua swali litakalofuata ni zinatosha mpaka lini.

Wamenipa kichupa kipya. Nimekigeuza, unanijua. Chini kina nyota. Si chenu. Nimefurahi sana. Hiki kinakaa mfukoni na funguo, nakifungua na kukifunga, wala sikuwazi. Kile chako nimemwambia fundi viatu akirudishe dirishani, kikae kama picha. (Kipo. Nimekifuta.)

Sasa nisikilize. Barua yako ya Mei ilikuwa ndefu na nzuri, lakini nimeitafuta juu na chini, hakuna neno tanuru. Mtu anayesubiri mwezi wa sita, ukiwa mlangoni, hasahau kuutaja. Nikaelewa. Sikulaumu. Na mimi nilikuambia sijambo.

Kila barua nimekuuliza utakuja lini. Nilifanya hivyo kwa sababu swali halimlazimishi mtu, anaweza kulijibu au kulipita, na asubuhi anaamka kazini kwake kama kawaida. Nilikulea usije ukawa mtu wa kukatisha kazi kwa ajili ya machozi ya mwanamke. Nilijiona hodari.

Leo siulizi. Nasema njoo.

(Ameishia hapo. Nimemuuliza kama kuna la kuongeza, amegeukia ukutani. Mimi langu ni dogo. Kitanda chako kimetandikwa tangu mwezi wa tatu, na kila wiki anabadilisha shuka ambalo halijalaliwa na mtu.)

Fundi viatu, kwa niaba


16 Juni

Shangazi,

Kaa chini kwanza, kama daktari alivyokufundisha, ndipo usome.

Shikamoo. Mshukuru fundi viatu, na mabano yake yote nimeyahifadhi. Mwambie deni la mkokoteni ule silipi kwa maneno, nitamletea ngozi.

Tanuru halizimwi. Walitutangazia mwezi wa nne kwamba wameziba matofali kwa viraka na litasukumwa mpaka mwakani, labda na mwaka wa kufuata. Kila jioni nilianza barua ya kukuambia, nikifika pale nachana. Nilijisemea ukijua utachoka kusubiri, na kumbe ulikuwa unachoka kwa namna nyingine. Hodari wa nyumba hii tuko wawili.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia naondoka. Akanikumbusha kwamba anayeondoka tanuru likiwa linawaka nafasi yake haimsubiri, na huu ni mwaka wa nne nikikaa mbele ya ile taa. Nikamwambia ana haki. Akaniuliza nina mgonjwa gani, baba au mama? Nikasema shangazi. Akasema shangazi? Nikamjibu ndiyo, huyo huyo.

Siku yangu ya mwisho kwenye mkanda vilipita vile vidogo vya rangi ya chai. Sikuvitazama kimoja kimoja. Nilitoa vibovu, vizima nikaviacha viende kwa wenyewe.

Kiti cha cherehani usikisogeze tena kufuata doa, nikifika nitasogeza meza. Majora usiyaguse, na wale mapacha wakirefuka tena mwambie mama yao asubiri, ana fundi mwingine anayekuja kujifunza. Shati nimelivaa. Kile kijimfuko cha ndani ambacho mtu haoni nilikosa cha kukiwekea muda wote huu, sasa kina tiketi.

Barua hii usiijibu. Jibu likifika huku litakuta kitanda changu kina mtu mwingine.

Kibiriti